Miti Tisa Kando ya Mtaro

Mtaro ukifunguliwa mara ya kwanza una harufu yake, na hakuna sabuni inayoiondoa mikononi siku hiyo hiyo. Ni harufu ya majani ya mgomba yaliyooza, maji ya kufulia ya mwaka jana, na udongo ambao haujaona jua tangu uumbwe. Wiki iliyopita, hapa Beni, upande wa Ruwenzori ninakoishi, fundi mmoja alikuja kunichimbia njia ya maji nyuma ya nyumba. Alipopiga jembe la tatu, harufu ile ikanipanda puani. Mimi, mama wa watoto watatu, mtu mwenye heshima zake, nikajikuta nimechuchumaa pembeni ya shimo nikilia. Fundi alishtuka, akadhani amekata bomba la mtu. Nikamwambia aendelee na kazi.

Nilikuwa namlilia Mama, ambaye hayupo tena, na kiangazi kimoja tulichokitumia, yeye na mimi, kupigana na maji kwenye kiwanja chetu cha Butembo. Ninyi mliokua kwenye vilima vile hamhitaji maelezo marefu. Mnajua kwamba kule mahali tambarare ni uwanja wa mpira peke yake, na hata pale mpira ukitoka nje unakwenda kuutafuta bondeni.

Nyumba yetu ilikaa katikati ya mteremko. Ilikuwa na kuta za matete na udongo, mabati juu, vyumba viwili na sebule. Baba aliijenga kabla hajaenda Manguredjipa kutafuta dhahabu, na tangu alipokwenda tulimwona Noeli na Pasaka tu, amekonda, ana kikohozi na hadithi nyingi. Wakati anaijenga, nyumba za juu yetu zilikuwa chache na nyingi ziliezekwa nyasi. Nyasi hupokea mvua polepole. Baadaye watu wa juu wakaanza kupata. Mmoja akauza maharage yake vizuri, akaweka mabati. Mwingine akafungua duka, akaweka mabati. Kila aliyefanikiwa kule juu alitutumia maji yake huku chini, na sisi tulimpongeza kwa mdomo huku tukichota tope sebuleni kwa sahani.

Pembe ya chumba tulicholala ndiyo ilikuwa inaumia. Kila msimu maji yalilamba mguu wa ukuta, mpaka siku moja Mama akaingiza mkono chini yake na mkono ukaenda hadi kwenye kiwiko. Akautoa, akaupangusa kwenye kitenge. Mvua kubwa ya mwisho ya msimu ule ilinyesha mchana, watu wote wamejifungia ndani. Mama akajifunika mfuko wa plastiki kichwani, akatoka na beseni la mawe. Nilimtazama kutoka mlangoni, mdogo wangu Kambale akiwa mgongoni kwangu. Aliinama akaweka jiwe, akapiga hatua mbili, akaweka jingine. Niliamini kwamba anayatega maji, yajikwae kwenye mawe yale na kuanguka kabla hayajatufikia. Nilimwonea huruma sana, kwa sababu mawe yenyewe yalikuwa madogo.

Kumbe alikuwa anaweka alama. Kiangazi kikiingia, ardhi inakauka na kila mtu anasahau maji yalipita wapi, kisha anachimba mahali anapopapenda yeye. Mama alichimba mahali maji yalipopapenda.

Wakati huo huo Baba alikuwa ametuma ujumbe kwa mtu wa pikipiki aliyetoka Manguredjipa. Mtu yule alisimama uani, bado ana vumbi kwenye kope, akausema kama alivyoambiwa: "Papa anasema hivi, kama ile nyumba inataka kuanguka, murudie Lubero kwa bazee. Yeye atakuja ku Noeli, mutaona."

Mama alimpa maji ya kunywa, akangoja ayamalize. "Umwambie nimesikia. Umwambie pia mimi hapana rudi Lubero ju ya mayi ya mabati ya batu."

Kwangu mimi Lubero ilikuwa baridi, viazi, na shamba la Mukaka, bibi yetu mzaa Baba. Nilipapenda kwa siku tatu, siyo kwa maisha. Ningeacha shule ya masista, ningeacha rafiki zangu wote wawili. Kwa Mama ilikuwa ni kurudi kupika kwenye jiko la mama mkwe, yeye aliyekwishakuwa na jiko lake. Kwa hiyo nyumba ile ikianguka, wote tulijua tunakwenda wapi.

Alichimba kila siku baada ya kutoka sokoni alikouza makala, yaani makaa ya kupikia, na Jumamosi baada ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, wakati wenzake wamechoka kusafisha barabara na wanakwenda kupumzika. Mtaro ulianza juu ya nyumba, ukaikwepa ile pembe, ukateremka kando ya uwanja wetu. Mimi nilibeba udongo kwa beseni. Wapita njia hawakukosa neno.

"Eh Mama! Unachimba dhahabu? Bwana yako iko Manguredjipa, dhahabu iko kule!"

"Ya kule njo yake," Mama alijibu bila kuinua kichwa. "Ya hapa ni yangu."

Shida ilikuwa chini. Kati yetu na bonde kulikuwa na kiwanja cha Papa Musavuli, fundi seremala, mzee wa kanisa la Waprotestanti. Hakuwa mtu wa kucheka. Jioni sisi tuliposali rozari yeye aliongoza nyimbo za kwao, na sauti zetu zilikutana juu ya ua kila upande ukijitahidi kumshinda mwenzake. Mama alikwenda kwake amevaa kitenge cha misa, nikamfuata. Alimweleza kwamba mtaro hauwezi kuishia kwenye mpaka, kwani hapo ungemwagia jikoni kwake. Ulihitaji kupita ukingoni mwa ardhi yake mpaka kwenye mikaratusi ya bondeni. Papa Musavuli alimsikiliza hadi mwisho akipangusa randa yake kwa kidole.

"Mayi ya mvua ni ya Mungu," akasema. "Mutaro ni ya batu. Donc tupatane sisi batu. Pitisha, Mama. Lakini mayi tu."

Wakapeana mikono. Mama aliporudi nyumbani alichimba akiimba, na nilijua mambo yanakwenda vizuri kwa sababu hakuwa mwimbaji.

Mwezi wa saba tulikwenda Lubero siku chache kumsaidia Mukaka kuvuna maharage. Mashamba ya kule yamesimama wima, na mvua ya mwaka ule ilikuwa imeyachuna vibaya. Nilipokuwa nazunguka na mbuzi nikaona jambo lililonisimamisha. Ukingoni mwa shamba palikuwa na safu ya miti myembamba, yenye majani marefu yanayofanana na ya mahindi. Kila mahali udongo ulikuwa umeteremka, lakini chini ya miti ile ukingo ulikuwa umesimama imara, juu kufika kiunoni kwangu. Hakuna hata ufa. Nilimuuliza Mukaka ile ni miti gani.

"Ile hapana guswa," alisema, akafunga mdomo kwa namna ambayo hata Baba asingethubutu kuuliza tena.

Nilielewa kama mtoto anavyoelewa. Ule mti una nguvu ya kuzuia udongo, na watu wa Lubero wanaificha siri hiyo. Mbuzi walikuwa wamevunja matawi kadhaa, yamelala chini. Niliyaokota, tisa, nikayaficha kwenye gunia la viazi tulilorudi nalo Butembo. Sikuwa naiba, nilikuwa naokoa nyumba. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena, furaha ya kumshikia Mama siri ambayo siku moja itamfanya aseme asante.

Siku moja Mama akiwa sokoni nilipanda miti yangu. Nilichagua mahali penye kona, chini, ambapo mtaro unageuka kuingia kwa Papa Musavuli, kwa sababu nilijua pale ndipo maji yatapiga kwa nguvu. Nikavuka upande wa pili, hatua mbili ndani ya ardhi yake, nikaisimamisha mmoja mmoja, nikaimwagilia kwa birika. Tena niliipanga kwa kamba, mstari ulionyooka kabisa, jinsi masista walivyotufundisha kupanda maua shuleni. Ningeipanda ovyo ovyo, pengine tusingepata taabu yote iliyofuata.

Wengi wenu mmeshajua kosa langu, na mmeshika kichwa. Kwa wale waliokulia mbali, niseme. Kwetu mti ule ni mpaka. Karatasi inakuja baadaye. Kwanza mti unapandwa mbele ya wazee, na siku wajukuu wakigombana, mtu anaonyesha mti na kesi imekwisha. Hakuna anayelima karibu nao na hakuna anayeung'oa. Kuupanda ndani ya kiwanja cha mwenzako ni kumwambia kwamba mahali hapa si pako tena.

Papa Musavuli alikuwa amesafiri kutafuta mbao, na Mama alikuwa bado anapanua mtaro kule juu, hakushuka kwenye kona kwa siku nyingi. Mti ule hauna haraka ya kufa. Papa Musavuli aliporudi, ilikuwa Jumapili, akitoka kanisani amevaa koti, matawi yangu yalikuwa yameshatoa majani mapya. Alisimama mbele ya safu ile. Kisha akaita.

"Mama! Kuya huku."

Mama alishuka akipangusa mikono. Mimi nilikuwa nyuma yake, najivuna, nikidhani siku ya asante imefika.

"Ile ni nini?"

Mama alitazama. Nilimwona akivuta pumzi na kutoitoa. "Papa Musavuli, mimi hapana panda ile."

"Donc ilijipanda yenyewe? Kwa mustari?" Sauti yake haikupanda, na hilo lilinitisha zaidi. "Nilikupatia fasi ya mayi. Sasa unakamata fasi ya nyumba. Mwaka hii mutaro, mwaka ingine shamba. Njo mukono tulipeana?"

Mama aliinama kuung'oa wa kwanza.

"Hapana gusa! Ukiing'oa leo, kesho nani atashuhudia kama ilikuwa pale? Itabakia mpaka shefu wa avenue na bazee baone na macho yao."

Mama akarudisha mkono. Alijua kwamba Papa Musavuli ana haki. Jioni ile seremala alijaza mifuko sita udongo, akaipanga mdomoni mwa mtaro pale unapoingia kwake, akaishindilia kwa mguu. Mama alitazama kazi yake yote ya kiangazi ikizibwa, akanigeukia.

"Weye ulikuwa unabakia hapa. Uliona nani?"

"Hapana, Mama."

Ndiyo nilivyosema. Sikuelewa hata kosa lenyewe ni lipi, nilielewa tu kwamba ni kubwa na ni langu. Shefu wa avenue, yule anayesimamia mtaa wetu, alikuwa amekwenda matangani kijijini kwao, hakuna aliyejua atarudi lini. Asubuhi mawingu yalianza kukaa juu ya milima, na Mama aliyatazama kila alipotoka nje.

Mvua ya kwanza ilikuja mapema, mchana wa katikati ya juma. Haikuwa kubwa, lakini ilitosha. Maji yalishuka kwenye mtaro vizuri sana, kama Mama alivyotaka, yakafika kwenye mifuko, yakasimama. Halafu yakaanza kurudi. Mtaro wenye mlango uliofungwa ni mbaya kuliko kukosa mtaro, kwa sababu umeyakusanya maji yote mahali pamoja na kuyaonyesha njia ya nyumbani kwako. Mama alichota kwa beseni na kumwaga ng'ambo, anachota, anamwaga, na maji hayakupungua. Nikasikia sauti ndogo, kitu kizito kikianguka kwenye tope. Kipande cha ukuta wa pembe ile kilikuwa kimeachia. Kupitia tundu niliona mguu wa kitanda chetu.

Hapo nikashindwa. "Mama, ni mimi! Ni mimi nilipanda! Nilipanda ju ishike udongo!"

Alisimama na beseni mkononi. Niliinua mikono kujikinga uso. Hakunipiga.

"Ulitoa wapi?"

"Kwa Mukaka. Kule udongo yake hapana anguka."

Mama aliketi kwenye kizingiti, miguu ndani ya maji, mvua ikimtiririka usoni. Mabega yakaanza kumtikisika, na hadi leo sina hakika kama alikuwa anacheka au analia. "Mungu wangu," akasema. "Nyumba yangu inakufa ju ya kusaidiwa." Kisha akainuka, akachukua tena beseni. "Utasema weye mwenyewe mbele ya batu. Miye nikisema, batasema ninajificha nyuma ya mutoto. Sasa leta sufuria, uchote."

Mvua ile ilikatika kabla ukuta haujaanguka wote. Siku mbili baadaye shefu wa avenue akarudi, akaja na wazee wawili. Walisimama mstari mmoja kwenye tope, Papa Musavuli upande wake, Mama upande wake, na mimi katikati nikiwa nimevaa gauni la Jumapili. Nilisema yote. Nilisema Lubero, mbuzi, gunia la viazi, birika. Nilisema pia kwamba nilimdanganya Mama, ingawa hakuna aliyeniuliza hilo.

"Ulipanda ngapi?" Papa Musavuli akauliza.

"Tisa."

"Na ju ya nini kwa mustari?"

"Masista njo banatufundisha."

Wazee wakacheka, shefu akacheka mpaka akajishika kiuno. Papa Musavuli hakucheka. Alichuchumaa, macho yake yakawa sawa na yangu. Nywele zake zilikuwa na vumbi la mbao.

"Sikia, mutoto. Udongo ya Mukaka hapana shikwa na ile muti. Inashikwa na woga. Batu banaogopa kulima karibu, banaogopa kupita. Njo maana inabakia."

Nilipaswa kunyamaza. Mtoto wa kwetu mbele ya wazee anasema "ndiyo, Papa" na kutazama vidole vyake vya miguu. Lakini nilikuwa nimelia siku mbili na sikuwa na kitu kingine cha kupoteza.

"Basi tuogope kulima hapa pia," nikasema. "Si itabakia?"

Mama alisema jina langu, kwa sauti ya onyo. Wazee waliacha kucheka. Papa Musavuli alibaki amechuchumaa, akageuza kichwa akatazama kona ya mtaro, akatazama jiko lake chini, akatazama safu ya lengalenga, mchicha wa Mama, iliyofika hadi ukingoni kabisa, halafu rundo lake mwenyewe la mbao lililosimama upande wa pili, ukingoni vile vile. Sote wawili, majirani, tulikuwa tumelima na kukanyaga mpaka kwenye mdomo wa mtaro, hakuna aliyeacha hata unyayo.

"Shefu," akasema akiinuka, "huyu mutoto iko na mudomo. Lakini hapana danganya."

Walipatana palepale. Mtaro ungekaa juu ya mpaka wenyewe, na kila upande ungeacha hatua moja ambayo hakuna atakayeilima wala kuikanyaga, ikapandwa matete. Mama angepoteza lengalenga zake, Papa Musavuli angehamisha mbao zake. Lakini seremala aliongeza sharti. Kona ile ijengewe mawe kwanza, maji yasije yakakata na kumwangukia jikoni. Mpaka siku mawe yatakapokaa, mifuko haitoki.

"Mawe itakuja," Mama alisema.

Kisha nikaambiwa niing'oe miti, mimi mwenyewe, mmoja mmoja, na Papa Musavuli akahesabu kwa sauti ili mashahidi wasikie. Mizizi ilikuwa tayari imeshika, nilivuta kwa mikono miwili. Nilipofika wa tisa viganja vilikuwa vinawaka. Miaka mingi baadaye bwana shamba mmoja aliniambia kwamba mizizi ya mti ule kwa kweli inashika udongo, kidogo. Nilifurahi kuliko alivyotarajia.

Mawe yalikuwa mtoni, bondeni, na sisi tulikuwa juu. Mama alibeba kwa kamba ya paji la uso kama wanawake wetu wanavyobeba kila kitu, mimi nilibeba kichwani juu ya kata ya majani. Tulishuka na kupanda tangu asubuhi. Ilikuwa imebaki wiki moja na nusu shule zifunguliwe, na mawingu yalikuwa yanakuja kila mchana, yanatutazama, yanaondoka. Siku ya kwanza tulirundika mawe yaliyojaza sehemu ndogo sana, nikasema hatutamaliza. Mama alishuka tena. Siku ya pili shingo yangu ilikataa kugeuka. Siku ya tatu Mama aliteleza, akaanguka na jiwe lake, akakaa kitambo akitazama goti linalovuja damu. Akalifunga kwa kipande cha kitenge. "Lile jiwe ni nzuri," akasema, "hapana liache." Tukalibeba.

Papa Musavuli alitupita kila siku bila kusema zaidi ya salamu. Siku ya nne alikuja mtoni akisukuma chukudu lake, lile la miti, la magurudumu mawili, analobebea mbao. Alilisimamisha mbele yetu, akatazama pembeni.

"Nilikuwa napita tu," akasema.

Hakuna njia inayopita pale, inaishia mtoni. Mama hakucheka, alimsaidia kupakia. Siku ile mawe yalipanda mengi kuliko siku zote tatu. Kwenye kona walipanga wote wawili, yeye akichagua jiwe na Mama akilikataa, au Mama akichagua na yeye akilikataa, mpaka jioni. Mama aliziba lile tundu la ukuta kwa matete na udongo mpya. Jumamosi, baada ya salongo, Papa Musavuli aliitoa mifuko sita kwa mikono yake, akaimwaga upande wake.

Mvua yenyewe ilikuja Jumamosi ile ile, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa Jumatatu, saa tisa mchana. Mnaijua mvua ya Butembo ya mwezi wa tisa. Kwanza mabati ya kule juu yalianza kupiga kelele, halafu ya kati, halafu yetu, na huwezi tena kusikia mtu aliye karibu nawe. Mama alitoka. Nilimfuata, Kambale nikamwacha kitandani akilia. Maji yalishuka mekundu, yamebeba majani na kandambili ya mtu, yakaikwepa pembe ya nyumba, yakakimbia kando ya uwanja. Kwenye kona yalipanda. Yalipanda mpaka jiwe la juu, yakapiga, yakarudi kidogo, yakatafuta pa kutokea. Mama alikuwa amesimama hapo na jembe, amelishika kwa mikono miwili. Nilisali kila sala niliyoijua, na moja ya Waprotestanti niliyoisikia juu ya ua.

Maji yakageuka. Yaliinama kwenye kona, yakafuata mawe, yakapita jiko la Papa Musavuli kwa pembeni, yakashuka kwenye mikaratusi. Seremala alikuwa chini kule, amelowa mpaka kwenye mifupa, akainua jembe lake juu ya kichwa.

"Mama! Imepita! Mayi imepita!"

Mama alipanda mpaka kwenye nyumba, akaweka kiganja kwenye ile pembe, kutoka nje, halafu akaingia akakiweka kutoka ndani. Alikaa hivyo, mkono ukutani, kwa muda mrefu. Ukuta ulikuwa mkavu.

Nilingoja acheze, apige kelele, amshukuru Mungu kwa sauti. Yeye alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta mfuko ambao sikuwahi kuuona. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mgomba iliyokauka kabisa. Akaifungua. Ndani mlikuwa na sare yangu ya shule, nguo za Kambale za baridi, karatasi zetu za ubatizo ndani ya plastiki, sufuria mbili zilizoingiliana, na blanketi. Vilikuwa vitu vya safari. Vilikuwa vitu vya Lubero.

"Mama, ulifunga ile lini?"

"Mwezi wa tano," alisema.

Nilihesabu vidoleni. Kiangazi chote, kila jembe alilopiga, kila jiwe, kila neno alilowajibu wapita njia, mfuko ule ulikuwa chini ya kitanda nilicholalia. Mimi nilidhani Mama yangu hajui kuogopa. Niliona aibu kwamba sikuwahi kumuuliza, nikamkumbatia kwa nyuma, akiwa amelowa vile vile. Aliniacha nimshike kidogo, kisha akanisukuma taratibu, akanipa sare.

"Tundika kwa musumari yake," akasema. "Lundi unaenda ku masomo."